Mpangaji Hajashindwa na Maisha

Ni nadra mazishi Bungoma kukosa msemaji wa kushika kipaza sauti na kuwaonya vijana kwamba kulipa kodi ya nyumba ni kutupa pesa, na kwamba mwanamume ambaye hajajenga bado ni mtoto. Waombolezaji huitikia, na Jumatatu mwalimu wa mshahara mdogo yuko sacco akiomba mkopo wa ploti. Ajabu ni kwamba wenye vyumba vya wanafunzi kuzunguka Chuo Kikuu cha Kibabii hawaiiti kodi pesa iliyotupwa inapoingia mifukoni mwao.

Tupige hesabu ambayo wasemaji hao huikwepa. Kodi ya shilingi 5,000 kwa mwezi ni 60,000 kwa mwaka. Ploti na nyumba ya kawaida vikimgharimu mtu milioni 1.2, amelipa kwa mkupuo kodi ya miaka 20, kabla ya riba ya mkopo na nauli ya bodaboda kutoka huko mbali alikopata ploti ya bei nafuu. Zaidi ya hayo, anayepanga anaweza kuhama. Kiwanda cha Pan Paper pale Webuye kilipofungwa mwaka 2009, mpangaji aliweza kufunga virago na kufuata kazi kwingine. Aliyejenga alibaki akilinda kuta katika mji uliopoteza mwajiri wake mkubwa. Huko Kitale nako mashamba ya mahindi yanakatwakatwa ploti za futi 50 kwa 100, halafu tunashangaa unga kupanda bei.

Watetezi wa kujenga husema mwenye nyumba anaweza kukutoa wakati wowote. Basi tuilaumu sheria. Sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inamlinda mpangaji wa nyumba ya kodi isiyozidi shilingi 2,500. Kodi ikipita hapo, ulinzi huo haumhusu. Wabunge wangerekebisha kiwango hicho, lakini wao walikuwa na haraka ya kupitisha Sheria ya Nyumba Nafuu ya 2024, inayomkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, mpangaji akiwemo, ili zijengwe nyumba ambazo nyingi ni za kuuzwa. Kuna pia wanaouliza: mpangaji akifa, atazikwa wapi? Yaani mtu akope, ajinyime na asukume toroli la saruji miaka 15 kwa ajili ya shughuli ya siku moja ambayo yeye mwenyewe hataiona!

Anayetaka usalama wa makao autafute pamoja na wenzake. Katika mtaa wa Tanzania-Bondeni mjini Voi, tangu miaka ya 1990, ardhi imeshikwa na wakazi kwa pamoja huku kila mmoja akimiliki nyumba yake, ili anayehama auze nyumba na ardhi ibaki kwa jumuiya. Vyama vyetu vya Bungoma na Kitale hununua shamba kwa umoja, kisha vinaita mpimaji aligawe vipande, na umoja unaishia hapo. Mkinunua ekari, msiigawe. Jengeni vyumba juu ya ardhi ya chama, wanachama wapange humo kwa kodi waliyoipanga wenyewe, na atakayesimama mazishini kuwacheka mwulizeni kwanza ana wapangaji wangapi.