Tusitie Statiki Ovyo!

Mtanisamehe nikileta mambo ya kompyuta katika gazeti la chama cha Kiswahili. Lakini mambo haya tumeyazozania kwa Kiswahili, hapa hapa Tononoka, na mimi nna maoni yangu.

Tulipewa kazi kwa lugha ya C, ile aliyoitunga Dennis Ritchie huko Marekani miaka ya 1970. Programu ijumlishe tarakimu za nambari yoyote utakayoipa, moja baada ya nyingine, na iwe kwa rikasheni, yaani fankisheni ijiite yenyewe: ikate tarakimu ya mwisho, ijiite tena kwa zile zilizobaki, ikifika sufuri isimame. Kundi letu likaweka kigeu cha kutunzia jumla. Jibu likawa 0! Kumbe kila fankisheni ikijiita hupata kigeu chake kipya, nacho chaanza sufuri. Mwenzetu akasema, "Tia static mbele yake, kitakumbuka." Tukatia. Tukajaribu 1593, mwaka ulioanza kujengwa Fort Jesus. Ikatoa 18. Makofi!

Mimi nikaingiza 1698, mwaka Waomani walipoitwaa ngome hiyo kutoka kwa Wareno. Jibu ni 24, hata mtoto wa darasa la pili ajua. Kompyuta ikatoa 42. Wenzangu wakanijia juu, ati naharibu kazi iliyokwisha, mwalimu atajaribu nambari moja tu.

Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Kigeu cha statiki ni kimoja kwa miito yote, na hutiwa sufuri mara moja tu, programu inapoanza. Ile 18 ilikuwa imo bado, ikaongezewa 24. Ni kama mwenye duka anayeandika deni la kila mtu katika ukurasa mmoja, kisha mteja wa pili adaiwa na ya wa kwanza. Wewe utakubali?

Na dawa yenyewe ni fupi. Usitunze jumla popote. Fankisheni irudishe tarakimu ya mwisho pamoja na jibu la zilizobaki, na ikifika sufuri irudishe sufuri. Kwa 1593 hesabu yarudi hivi: 1, 6, 15, 18. Basi.

Wako wanaosema mbona C yenyewe yafanya hivyo. Kweli, strtok, ya kukatakata maneno, hujiwekea kumbukumbu ya ilipofikia. Lakini ianzishie sentensi ya pili kabla hujamaliza ya kwanza uone: ya kwanza yapotea.

Sisemi statiki ifutwe. Ukitaka kujua fankisheni imeitwa mara ngapi tangu programu ianze, hapo ndipo mahali pake. Kwa 1593 itahesabu miito 5, ukiingiza 1698 baadaye itasema 10, na mara hii itakuwa imesema kweli.