Mafunzo ya magoti yasiachiwe wauza dawa

Natoa maoni yangu juu ya jambo linalowaumiza wananchi wengi, hasa wazee na kina mama. Jambo lenyewe ni video za mafunzo ya afya zinazosambazwa katika simu kwa ajili ya watu wenye maradhi ya magoti.

Maradhi haya si madogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa wa kulika kwa viungo, na goti ndilo lililoongoza, kwa wagonjwa milioni 365. Hapa kwetu anayeumwa goti ni mkulima, ni mama anayebeba ndoo ya maji, ni fundi anayechuchumaa kutwa nzima. Goti likikataa, kazi imesimama, na hata kwenda msikitini au kanisani kunakuwa shida.

Mimi ni mwalimu mstaafu na magoti yangu yananisumbua kwa mwaka wa sita sasa. Jamaa na majirani hunitumia video hizo kwa nia njema, nami nimezitazama kwa makini, daftari mkononi, kama nilivyokuwa nikisahihisha kazi za wanafunzi. Niliyoyaona yanasikitisha.

Nyingi huanza kwa maneno yale yale: "Ute wa goti lako umekauka." Kisha huonyeshwa picha ya mifupa inayosagana, mgonjwa akaingiwa na hofu, na mwisho hutolewa namba ya simu ya kuagizia unga au vidonge vya "kurudisha ute". Somo lote, kumbe, lilikuwa tangazo la biashara. Ukweli ni kwamba katika ugonjwa huu gegedu, yaani ile ngozi laini inayofunika ncha za mifupa, hulika na kuharibika polepole, na kiungo kizima huathirika. Hakuna kinywaji kinachokwenda kujaza ute gotini kama mafuta ya gari. Tena goti lililovimba mara nyingi lina maji mengi kupita kiasi, wala si machache.

Ubaya wa pili ni kuwakataza watu kutembea, eti goti litaisha. Wataalamu wanasema kinyume chake. Mwongozo wa mwaka 2019 wa chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani umesisitiza mazoezi, na kupunguza uzito kwa walio wanene, ukashauri watu wasitumie vidonge vya glukosamini ambavyo wauzaji wanavisifu sana. Msuli wa paja ukiwa na nguvu, goti hupata msaidizi. Na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja mtu anayopunguza hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Mambo haya hayana namba ya kuagizia, ndiyo maana hayatangazwi.

Ubaya wa tatu ni wa hatari zaidi. Mtu anaahidiwa kwamba maumivu yatakwisha kwa siku mbili, na kweli yanakwisha. Lakini ndani ya kopo kuna nini? Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wananchi wake juu ya vidonge vilivyoitwa Artri King, vilivyouzwa kama vya asili kwa ajili ya viungo, baada ya kugundua vina deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikutajwa kwenye kopo. Dawa hizo zikitumiwa kwa muda mrefu bila daktari huweza kupandisha sukari na shinikizo la damu, kudhoofisha mifupa, kuharibu figo na kuleta vidonda vya tumbo. Sisemi kwamba tiba za asili hazifai. Nchi yetu inazitambua kwa sheria ya mwaka 2002. Nasema mgonjwa ana haki ya kujua anakunywa nini.

Tena video hizo hazimwambii mtu ni wakati gani aache kutazama simu na kwenda hospitali. Goti lililovimba ghafla, likawa la moto na mgonjwa ana homa, huenda limeingia vijidudu, na hilo halisubiri kesho. Goti linalokwama, au lisilokanyagika baada ya kuanguka, linataka kupimwa. Na mtoto anayelalamikia goti asipakwe mafuta tu nyumbani, kwani ugonjwa wenyewe huenda upo kwenye nyonga, au kwenye mfupa, au ni selimundu.

Wapo watakaosema kwamba video iliyotazamwa na watu laki tano haiwezi kuwa mbaya. Hoja hiyo haina nguvu. Wataalamu wa nchi mbalimbali wamezipima video za namna hii, na mara kwa mara wamekuta kwamba wingi wa watazamaji si kipimo cha ubora wa mafunzo.

Lakini lawama zote tusiwatupie wauza dawa. Wao wameingia nyumba iliyoachwa wazi. Video nzuri za magoti zipo, ila nyingi ni za Kiingereza, na mazoezi yake hufanywa na kijana mwenye afya juu ya mashine. Daktari wetu naye akijitokeza kusema Kiswahili, mara nyingi hukaa kwenye kiti akataja majina makubwa ya magonjwa, asionyeshe hata zoezi moja. Bibi wa kijijini atajifunza nini hapo?

Ndugu Mhariri, taifa hili halikuanza leo kufundisha afya kwa chombo kipya. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya "Mtu ni Afya" kwa njia ya redio. Vitabu viliandikwa, viongozi wa vikundi wakafunzwa, na watu wapatao milioni mbili wakakaa chini kusikiliza, kujadili, kisha kuchimba vyoo na kufyeka majani. Redio haikuachiwa kila mwenye kitu cha kuuza. Kwa nini simu, ambayo leo imefika kila kijiji, iachwe hivyo?

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, Wizara ya Afya ishirikiane na wataalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali zetu, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili na KCMC, kutengeneza video fupi za Kiswahili. Aonyeshwe mama wa makamo, na kanga yake, akikaa na kusimama kutoka kwenye kiti cha kawaida, au akinyoosha mguu taratibu akihesabu hadi tano. Zionyeshwe katika televisheni za hospitali, pale wagonjwa wanaposubiri zamu, na wauguzi wa zahanati wawape wagonjwa katika simu zao.

Pili, vyombo vinavyosimamia dawa, tiba asili na mawasiliano viwafuatilie wanaotangaza dawa za magoti bila kibali, na majina ya dawa zilizokutwa na vitu vilivyofichwa yatangazwe waziwazi.

Tatu, sisi wananchi tuwe na maswali. Huko Oxford, Uingereza, miaka ya 1990 wataalamu walitunga maswali 16 ya kupimia maandishi ya tiba kwa wagonjwa. Kwetu yanatosha haya matano. Anayesema ni nani, na kazi yake ni ipi? Ameyapata wapi anayoyasema? Video ni ya mwaka gani? Ametaja madhara, au sifa tupu? Na mwisho wake, ananiuzia kitu? Mwenye kushindwa maswali haya asipewe fedha yetu wala magoti yetu.

Wapo wazee wanaouza kuku na mahindi ili wanunue makopo hayo kila mwezi, na huku zoezi la bure la kiti na paja hawajaonyeshwa na mtu. Hao ndio wanaongoja jibu la Wizara, nami naongoja pamoja nao.

Mwalimu Mstaafu,
Morogoro.