NYUMBA YETU: Chumba cha Mgeni Kisiwe Ghala

Mavuno yakiisha wageni huja. Wengine huja kwa jando na unyago. Wengine huja kwa harusi au msiba. Watu wa Nachingwea na Ruangwa wanajua kupokea wageni. Wapigania uhuru wa Msumbiji walikuwa na kambi yao Nachingwea mpaka nchi yao ilipopata uhuru mwaka 1975.

Lakini mgeni wako atalala wapi? Katika nyumba nyingi chumba cha mgeni ni ghala. Kimejaa magunia ya ufuta, mbaazi na korosho. Mgeni akifika, magunia husukumwa pembeni na mkeka hutandikwa chini. Usiku panya hupita. Papasi nao hutoka katika nyufa na kumnyonya damu.

Papasi ni mdudu wa jamii ya kupe. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Papasi mwenye vijidudu vya ugonjwa akimwuma mtu, humwambukiza homa ya papasi. Mgonjwa hupata homa kali na kuumwa kichwa. Homa hupoa, halafu baada ya siku kadhaa hurudi. Kwa mama mjamzito homa hii huweza kuharibu mimba. Mwenye dalili hizi aende zahanati mapema akapimwe damu.

Kwa hiyo, kupamba chumba kunaanza na kuziba nyufa. Pazia zuri halizuii papasi.

Kazi yenyewe ni ya siku tatu. Anza wiki moja kabla mgeni hajafika, ili chumba kikauke vizuri. Baba, mama na vijana wote washiriki.

Siku ya kwanza, toa kila kitu nje. Magunia yapangwe juu ya kichanja mahali pengine. Fagia kuta, paa na sakafu. Anika godoro juani. Mwagia maji yanayochemka katika maungio ya kitanda ili kuua kunguni.

Siku ya pili, chimba udongo wa kichuguu. Udongo huu hushika vizuri. Uponde, uchanganye na maji na nyasi zilizokatwakatwa. Ziba kila ufa, hasa pale ukuta unapokutana na sakafu. Kisha siriba sakafu yote. Jioni loweka chokaa katika ndoo ya maji.

Siku ya tatu, koroga chokaa, chuja kwa kitambaa, tia konzi moja ya chumvi. Paka kuta. Zikikauka, paka tena. Chokaa huunguza macho, kwa hiyo watoto wakae mbali. Kama huna chokaa, tumia udongo mweupe. Chini ya ukuta paka mstari wa udongo mwekundu, upana wa shubiri mbili, ili uchafu usionekane upesi. Chumba cheupe kina mwanga, na mdudu akitembea ukutani utamwona.

Sasa pamba. Weka kitanda cha kamba, kisiguse ukuta. Kama huna, tengeneza cha miti na mianzi. Mgeni asilale chini. Tandika mkeka wa ukindu na shuka safi. Tundika chandarua chenye dawa, na pindo zake zichomekwe chini ya godoro au mkeka. Khanga ya zamani, ikifuliwa, ni pazia zuri dirishani. Lakini soma kwanza maneno yake! Usitundike khanga ya kumsema mtu, mgeni akadhani unamfukuza. Pigilia vigingi vitatu vya kutundikia nguo. Weka kigoda, na juu yake mtungi wa maji yaliyochemshwa, wenye kifuniko.

Hesabu fedha zako. Utanunua chokaa, misumari na chandarua tu. Udongo, miti, mianzi na ukindu viko kijijini. Usiuze chakula cha watoto ili ununue mapazia.

Mgeni akiondoka, usirudishe magunia. Waache watoto walale humo. Kila mwezi kagua kuta, na ukiona ufa mpya, uzibe siku hiyo hiyo.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi na mgeni naye aondoke mzima.