Mama mdogo si shangazi, jamani!

Wadau, leo nina dukuduku. Juzi nilikuwa naangalia tamthilia ya Kikorea iliyotiwa sauti za Kiswahili. Binti anafika kwa mdogo wa mama yake, na kwa mbali unasikia sauti ya asili: "Imo!" Mtia sauti wetu akasema: "Shangazi!" Nikaruka kwenye kochi.

Imo ni dada wa mama. Huyo kwetu ni mama mdogo au mama mkubwa. Shangazi ni dada wa baba, na Wakorea wanamwita gomo. Yaani wao wanatofautisha, sisi tunatofautisha, halafu tunakosea! Sababu naijua. Mfasiri hakusikiliza Kikorea, alisoma Kiingereza, na Mwingereza hao wote wawili anawaita kwa neno moja.

Nanyi mnaosema oppa maana yake ni "mpenzi", mnanichosha. Oppa ni kaka mkubwa akiitwa na mwanamke. Mwanamume humwita kaka yake hyeong. Dada mkubwa ni eonni kwa mwanamke, nuna kwa mwanamume. Ndiyo, msichana humwita oppa hata mpenzi aliyemzidi umri, lakini maana ya msingi haifutiki. Ajabu iko wapi? Sisi wenyewe mwanamke humwita dada wa mumewe wifi, wakati mwanamume dada wa mkewe ni shemeji. Wazee wetu walikuwa hata na neno umbu, ndugu wa jinsia nyingine.

Mtu ataniambia, "Acha makuu, ni tamthilia tu." Sikubali. Katika maneno hayo kuna ugomvi mzima. Mke wa Kikorea humwita mdogo wa kiume wa mumewe doryeonnim, na wifi mdogo agassi, maneno ambayo zamani watumishi waliwaitia watoto wa bwana. Mume je? Mdogo wa kiume wa mkewe ni cheonam tu, bila ile "nim" ya heshima. Bibi mzaa mama ni oe-halmeoni, na hiyo "oe" maana yake ni nje!

Wanawake wa huko wamelipigania hili. Mwaka 2005 Mahakama ya Katiba iliukataa mfumo wa hoju uliomfanya mwanamume kuwa mkuu wa familia kisheria, na ukafutwa rasmi 2008. Mwaka 2020 taasisi ya taifa ya lugha ilitoa mwongozo unaoruhusu, miongoni mwa mengine, kuwaita wadogo wa mume kwa majina yao.

Sasa wewe ukiandika "shemeji" kote, mtazamaji atajuaje bi harusi analia nini?

Mwaka 2021 kamusi ya Oxford iliingiza oppa, unni na noona kama yalivyo. Mwingereza kasalimu amri. Sisi wenye mjomba, shangazi, ba'mdogo na wifi tunapita kwake kutafuta nini?

Haya, nirukieni.