Kabla ya kuchana daftari la mwanao, mwombe akusomee

Mzazi mwenzangu, wiki chache zilizopita mama mmoja aliingia kliniki akiwa na mtoto wake wa kiume wa miaka 10. Baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili asitambulike. Kabla hata hajakaa vizuri, alichomoa kauntabuku kubwa kwenye mkoba na kuiweka mezani mbele yangu, kama mtu anayewasilisha ushahidi polisi.

"Daktari, naomba uniangalizie huyu mtoto kichwa chake," alisema. "Anaandika habari za wafalme ambao hawapo. Ana nchi zake, ana vita vyake, ana sheria zake. Jirani ameniambia nimpeleke akaombewe."

Mtoto alikuwa ameinamisha uso. Nikafungua daftari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na ramani ya visiwa vinne, bahari imepakwa kalamu ya bluu hadi karatasi imelainika. Kurasa zilizofuata zilikuwa na orodha: jina la taifa, aina za askari wake, na gharama ya kila askari kwa chakula, mbao, dhahabu na mawe. Pembeni ameandika nguvu ya kila taifa na udhaifu wake.

Nilicheka kimoyomoyo. Daftari la namna hiyo nalijua. Niliwahi kuwa nalo.

Kwa mzazi asiyeujua mchezo wenyewe, nieleze kidogo. Upo mchezo wa kompyuta uitwao Age of Empires II, uliotolewa Marekani mwaka 1999. Mchezaji anaanza na wanakijiji wachache katika enzi ya giza. Wanakata miti, wanalima, wanachimba dhahabu na mawe, wanajenga nyumba na kambi, hadi wanafika enzi ya ngome na ile ya dola. Toleo la kwanza lilikuwa na mataifa 13 ya zama za kati, wakiwemo Wajapani, Wamongolia, Waajemi na Waturuki. Kila taifa lina jambo linaloliweza kuliko wenzake, na lina pale linapopwaya.

Hapo ndipo watoto wanaponogewa. Mtoto akishatambua kwamba taifa ni mkusanyiko wa nguvu na udhaifu, anaona kwamba na yeye anaweza kutunga la kwake. Hata watu wazima wamefanya hivyo. Kikundi cha wachezaji kilibuni mataifa mapya kwa mapenzi tu, na mwaka 2013 kazi yao ikatolewa rasmi kama nyongeza ya mchezo huo. Waethiopia na Wamali waliingizwa mwaka 2015.

Mwaka 2000, mimi na mdogo wangu hatukuwa na Mwafrika yeyote wa kusini mwa Sahara wa kumchagua. Nilikuwa na miaka 15, yeye 12. Mjomba alikuwa na duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi pale Tanga, na jioni akishafunga hesabu alituachia kompyuta kwa nusu saa. Muda uliobaki tulicheza kwenye karatasi. Mdogo wangu alitunga, mimi nikachora ramani. Taifa lake aliliita Washamsi, watu wa jua.

Mdogo wangu ana selimundu, ugonjwa ambao wengi wenu mnauita siko seli. Baridi na mvua vilimletea maumivu ya mifupa. Mpira wa miguu aliutazama akiwa amekaa ukutani. Lakini Washamsi hawakupigana siku ya mvua, hiyo ilikuwa sheria. Kila kambi yao ilikuwa na kisima, na askari hakuruhusiwa kutoka bila kunywa maji. Askari wao wakali kuliko wote waliitwa Askari wa Mundu. Walikuwa na mbio kupita farasi, lakini walikuwa na udhaifu mmoja: hawakuishi zaidi ya miaka 18.

Nakumbuka nilivyobishana naye. Nilimwambia askari wa namna hiyo ni hasara, tumpunguzie mbio tumwongezee umri. Alikataa katakata. "Ndivyo walivyo," alinijibu. Nikadhani ni ubishi wa mchezo tu.

Mwaka uliofuata, akiwa darasa la saba, baba alilikuta daftari chini ya godoro, akalichana na kulitia jikoni. Simlaumu. Mtihani ulikuwa umekaribia na alikuwa mzazi mwenye hofu. Mdogo wangu hakulia, ila hakutunga tena. Alipofika miaka 17 aligoma kujaza fomu za chuo. Nyumbani tulimwita mvivu.

Nilikuja kuelewa nikiwa nasomea udaktari, siku mwalimu alipotufundisha selimundu. Nilirudi nyumbani likizo nikamuuliza kuhusu ile miaka 18. Akaniambia kwamba alipokuwa mdogo alimsikia mhudumu mmoja wa afya akimnong'oneza mama kuwa watoto wa aina hii hawafiki miaka 20. Alilibeba neno hilo peke yake tangu akiwa mtoto. Hakumwambia mtu. Alichofanya ni kuliandika kwenye daftari, kwa wino mwekundu, na sisi tuliokuwa tukimpenda tukalipita kama sheria ya mchezo.

Leo amepita miaka 35, ni mpima ardhi, ana mke na watoto wawili. Yule mhudumu hakuwa sahihi. Mtoto mwenye selimundu anayegunduliwa mapema, akapata chanjo zake, akakingwa na malaria, akanywa dawa alizoandikiwa na kufuata kliniki, anaweza kabisa kufika utu uzima. Siku hizi ipo pia haidroksiyurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu kwa wagonjwa wengi. Lakini hakuna aliyemkalisha mdogo wangu akamwambia hayo, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba alikuwa na swali.

Je, ni ugonjwa?

Kutunga nchi ya kubuni siyo ugonjwa, na si jambo geni. Watafiti wa Marekani waliozungumza na watoto wa miaka 8 hadi 12, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2018, walikuta takriban mtoto mmoja kati ya sita ana ulimwengu wake wa kubuni. Watoto hao walikuwa hodari zaidi wa kusimulia hadithi. Hawakuwa bora katika kila kipimo cha ubunifu, na kujizuia kuliwapa taabu zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo sikuahidi kwamba mwanao atakuwa profesa. Nakuambia tu kwamba akili yake inafanya kazi ambayo akili za watoto wengi wazima hufanya.

Mfano mashuhuri ni wa Uingereza. Juni 1826, mchungaji Patrick Brontë alimletea mwanawe Branwell askari 12 wa mbao. Branwell na dada zake Charlotte, Emily na Anne, ambao mkubwa wao alikuwa na miaka 10, waligawana askari hao na kuwatungia nchi nzima, ambayo waliiweka kwenye pwani ya Afrika Magharibi. Waliandika habari zake katika vitabu vidogo vinavyokaribia ukubwa wa kiberiti. Watoto hao walikuwa wametoka msibani. Mama yao alifariki mwaka 1821, na dada zao wawili wakubwa walifariki mwaka 1825 kwa kifua kikuu. Charlotte, Emily na Anne baadaye walikuwa waandishi wakubwa. Branwell alizama katika pombe na afyuni, akafariki mwaka 1848 akiwa na miaka 31. Nayataja yote mawili kwa makusudi: ulimwengu wa kubuni unaweza kumsaidia mtoto kubeba mzigo, lakini haumtibu. Bado anahitaji mtu wa kumuuliza habari.

Wakati gani uwe na wasiwasi

Jambo la kwanza ninalolitazama ni kama mtoto anajua kwamba nchi yake ni ya kubuni. Watoto wengi wanajua vizuri, na ukiwauliza watakucheka. Mlete hospitali haraka ikiwa anaamini kabisa kwamba yeye ni mfalme na hakubali kuambiwa vinginevyo, anasikia sauti zinazomwamuru, ameanza ghafla kuwakimbia watu, au anazungumzia kujiumiza au kutaka kufa. Hilo la mwisho halingojei kliniki ya wiki ijayo. Ni la leo hii.

La pili ni kuzubaa. Mtoto aliyezama kwenye mawazo, ukimgusa bega anashtuka na kuitika. Mtoto anayekodoa macho kwa sekunde kadhaa, haitiki hata ukimgusa, kisha anaendelea na alichokuwa akifanya kama vile hakuna kilichotokea, huenda ana aina ya kifafa isiyo na kuanguka. Walimu wengi huwaadhibu watoto hawa kwa kutosikiliza, kumbe wanahitaji vipimo na dawa.

La tatu ni mchezo wenyewe wa kwenye skrini. Daftari na skrini ni vitu viwili tofauti, usivitie kapu moja. Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa michezo ya kidijitali katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mtoto hawezi kujizuia, mchezo umechukua nafasi ya mambo mengine yote, na anaendelea kucheza hata pale unapomletea madhara. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu takriban miezi 12 na imeharibu masomo, usingizi au uhusiano wake na watu. Kupenda sana mchezo wakati wa likizo siyo uraibu.

Ufanye nini nyumbani

Linda usingizi kwanza. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa usiku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Simu na kompyuta zizimwe saa moja kabla ya kulala, na zilale chumba kingine. Mtoto apate pia muda wa kucheza nje mchana, kwa kuwa mwanga wa nje unasaidia kupunguza hatari ya kuwa na macho yasiyoona mbali.

Mpe daftari lake, tofauti na la shule. Mwekee muda wa kutunga baada ya kazi za nyumbani. Kompyuta si lazima. Vizibo vya soda vinatosha kuwa jeshi, na udongo wa uani unatosha kuwa ngome.

Kisha mwombe akusomee. Usilisome kwa kunyatia wala usimhoji kama askari wa upelelezi. Mkiwa mnachambua mchele au mnasubiri daladala, muulize: Nani anatawala huko? Watu wako wanaogopa nini? Mtu wa huko akiugua, inakuwaje? Halafu nyamaza umsikilize. Mara nyingi utasikia habari za ngome na farasi tu, na hilo ni jambo la kufurahia. Mara chache utasikia kitu kitakachokufanya umlete kwetu mkiwa mmeshikana mikono.

Na kama mwanao anaishi na ugonjwa wa muda mrefu, iwe selimundu, kisukari, kifafa, pumu au virusi vya Ukimwi, usidhani kwamba kunong'ona kunamkinga. Anasikia, na sehemu asiyoisikia anaijaza mwenyewe. Njoo naye kliniki tumweleze kwa maneno yanayolingana na umri wake. Nasi wahudumu wa afya tuchunge ndimi zetu mlangoni. Neno moja la upande wetu linaweza kuwa sheria ya nchi katika daftari la mtoto.

Namalizia na yule mtoto wa miaka 10. Nilimwomba anionyeshe kisiwa anachokipenda zaidi. Alizungumza dakika 10 bila kupumua, na mama yake akabaki mdomo wazi, kwa kuwa nyumbani huwa hasemi sana. Hapakuwa na siri wala huzuni mle. Palikuwa na mtoto anayefurahia akili yake. Tatizo tulilolipata ni kwamba alikuwa akicheza kwenye simu ya baba yake hadi saa saba usiku, na ndiyo maana kila asubuhi alilalamika kichwa kinauma. Dawa niliyoandika ilikuwa kulala saa mbili na nusu usiku, simu ikiwa chumbani kwa wazazi.

Wakiwa wanatoka nilimsikia mama akiuliza kwa sauti ya chini, "Hivi hawa wenye ngome ya mawe wanakula nini?"

Mtoto akalifungua daftari palepale kwenye korido.