FRENCHI ZA AKRILIKI: USITAZAME JUMAMOSI, TAZAMA WIKI YA TATU

Leo hakuna stori za nywele wala za wanaume, leo ni kucha. Kuna dada mmoja wa Mwananyamala kaniletea swali, nikaona nisimjibu peke yake kwani najua mko wengi. Send-off yake ni Jumamosi hii, harusi ni wiki tatu baadaye, na fungu la kucha alilotengewa na kamati ni moja tu, basi. Anataka frenchi za akriliki. Kazunguka saluni tatu na kila fundi kamwambia njia yake ndiyo yenyewe. Ashike ipi?

Kwa ambao bado, frenchi ni ule mtindo wa kucha yenye rangi ya pinki ya mbali na ncha nyeupe pee. Jina lisikudanganye ukadhani ni mambo ya Paris. Aliyeutia sokoni ni Jeff Pink wa kampuni ya ORLY ya Marekani, katikati ya miaka ya 1970, na wateja wake walikuwa waigizaji wa Hollywood. Akina dada wale walikuwa wakibadilisha nguo mara chungu nzima kwa siku na hakuna wa kukaa kusubiri rangi mpya ya kucha kwa kila gauni. Ndiyo maana frenchi inakwenda na kitenge, inakwenda na shela, na Jumatatu inakwenda na ofisi.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe.

Iliyojaa mjini ni ile ya tipsi ambazo zimetoka kiwandani zikiwa nyeupe tayari. Fundi anazibandika kwa gundi, anazikata urefu unaoutaka, halafu anapaka akriliki isiyo na rangi au pinki juu yake. Ni ya haraka na mstari unatoka sawa vidole vyote kumi. Tatizo ni kwamba mstari ule kaukata mtu wa kiwandani ambaye hajawahi kuona kidole chako. Mwenye kucha pana au fupi atauona umekaa kama kofia ya kuazima.

Ya pili wenyewe wanaiita pinki na nyeupe. Hapa weupe haubandikwi wala haupakwi, unajengwa. Fundi anachovya brashi kwenye maji ya akriliki, anaokota unga mweupe ukawa kibonge, anauweka kwenye ncha na kuuchonga ule mstari wa tabasamu kabla haujakauka. Halafu nyuma yake anajaza pinki. Nasema kweli, hakuna frenchi inayoipita hii kwa uzuri, maana weupe uko ndani na hauchubuki ng'o. Lakini inataka mkono. Akriliki haikungoji, ikishakauka vibaya ni msasa tu. Fundi akimaliza kidole cha kwanza na mstari umekwenda kama barabara ya vumbi, inuka, aga kwa heshima.

Ya tatu ndiyo watu wanaidharau: akriliki ya pinki au isiyo na rangi kucha nzima, kisha ncha inapakwa nyeupe kwa mkono, kwa rangi ya kawaida au ya geli inayokaushwa kwenye taa. Masista du watakwambia hiyo ni frenchi ya kijanja-kijanja. Waache.

Ngoja kwanza niwape yaliyonikuta mie. Miaka michache iliyopita binamu yangu alikuwa anaolewa, nikaingia saluni moja ambayo jina lake nalihifadhi. Nilivutwa na bei. Kwenye chupa ya maji ya akriliki hapakuwa na jina wala lebo, na harufu yake ilikuwa kali mpaka macho yananitoka machozi. Kucha zilitoka bomba, sikatai. Wiki ya pili nikataka kuzitoa. Nikaloweka kwenye asetoni saa nzima, wapi! Fundi akachukua tipsi nyingine akaiingiza chini na kubandua kama mtu anayefungua soda. Kucha yangu ya gumba ikaja na tabaka lake. Nilikaa miezi mitano nafua kwa kidole kimefungwa plasta.

Baadaye ndipo nikaja kujua kwamba dalili zile ni za methili methakrileti, kwenye chupa wanaandika MMA. Ni jamii ya vitu vya kutengenezea meno ya bandia, ngumu kama jiwe. Marekani walianza kuipiga vita kwenye kucha miaka ya 1970 baada ya wateja kuumia. Inayotakiwa ni EMA, ambayo ikilowekwa kwenye asetoni inalainika na kutoka kwa ustaarabu. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, omba uione chupa.

Turudi kwa dada wa Mwananyamala. Kucha ya mkono inakua kama milimita tatu kwa mwezi, kwa hiyo siku ya harusi yako utakuwa na pengo la milimita mbili hivi kule nyuma. Pengo linajazwa, hilo halina shida. Kasheshe ni mstari mweupe, maana nao umesogea mbele na kucha. Ukiwa na tipsi nyeupe hauhami; utajazwa nyuma lakini tabasamu limeshakimbilia nchani, na mpiga picha anakukamata umeshika keki. Ukiwa na pinki na nyeupe, fundi atauchimba weupe wa zamani kwa mashine na kujenga mwingine, na bei yake haipishani sana na ya kuanza upya. Hilo fungu moja la kamati litatosha?

Ndiyo maana mie nakwambia chukua ile ya kudharauliwa. Jumamosi hii weka akriliki ya pinki, ncha ipakwe geli nyeupe. Siku mbili tatu kabla ya harusi rudi, ajaze pengo, apige msasa weupe wa zamani na kupaka mstari mpya pale unapostahili. Gharama ni ya kujaza na kupaka, basi. Kama ungekuwa na shughuli ya siku moja tu ningekwambia bandika tipsi nyeupe na usiumize kichwa.

Kama ni wa swala tano, kumbuka akriliki inazuia maji ya udhu yasifike kwenye kucha. Wengi wa dada zetu wanamalizana na hina na piko, na mikono inatoka safi tu.

Halafu hizo wiki tatu, shoga, bizari usiishike kwa mkono mtupu. Inakula weupe ukawa njano kama meno ya mvuta sigara. Mwachie mdogo wako apike pilau na mchuzi. Na kucha ziwekwe Alhamisi, siyo Jumamosi asubuhi. Moja ikikatika unayo Ijumaa ya kurudi kwa fundi.