Mwalimu Wetu Aliye Ng'ambo: Tumuulize Habari za Darasa

Sisi watu wa Pwani hujisifu kwa mambo mawili: kumpokea mgeni na kumuaga msafiri. Mgeni tunampa maji, mkeka na neno zuri. Msafiri tunamsomea dua, tunamtilia mkononi kidogo tulicho nacho, na tunamsindikiza hadi kivukoni Likoni. Lakini kuna jambo la tatu ambalo bado hatujalijua vyema, nalo ni kuwa pamoja na msafiri akiwa kule alikokwenda. Hapo ndipo penye kasoro, na hapo ndipo ninapotaka tuzungumze leo.

Nakusudia hasa vijana wetu wa Kwale wanaokwenda ng'ambo kusomea ualimu, na miongoni mwao wale walioko Australia.

Australia si jina geni kwetu. Kwa miaka mingi jina hilo lilikuwa katika vinywa vya watu tangu Ukunda hadi Msambweni, kwa kuwa kampuni iliyochimba mchanga wa titani huko Maumba na Nguluku ilikuwa ya Waaustralia, na makao yake makuu yalikuwa mjini Perth. Shehena ya kwanza ya mchanga huo ilipakiwa Likoni mnamo Februari 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Perth yenyewe imo ufuoni mwa bahari hii hii yetu ya Hindi, na upepo wa kusi unaovumisha mawimbi ya Diani unatoka pande hizo za kusini na mashariki. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba mtoto amekwenda mahali tusipopajua. Jina tunalijua. Tusichokijua ni maisha yake huko.

Ninaye mpwa wangu, binti wa dada yangu wa Msambweni, ambaye anasoma huko shahada ya pili ya ualimu. Jina lake silitaji, maana yanayompata ni ya wengi wala si yake peke yake. Huzungumza nami kwa simu mara kwa mara, na kwa kuwa kazi yangu ni kuuliza maswali, nimemuuliza mengi. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, mlango wenyewe ni ghali. Ada ya kuomba viza ya mwanafunzi ilikuwa dola 710 za Australia. Julai 2024 ikapandishwa hadi 1,600, na Julai 2025 ikafika 2,000. Fedha hizo hazirudi hata mtu akinyimwa viza. Tena tangu Mei 2024 mwombaji sharti aonyeshe kwamba ana dola 29,710 za kumweka mwaka mmoja, mbali na karo na nauli. Basi anayetua uwanja wa ndege wa Perth hakushuka na mfuko umejaa. Ameshuka na deni la ukoo mzima.

Pili, mwanafunzi wa viza haruhusiwi kufanya kazi apendavyo. Tangu Julai 2023, wakati wa masomo, kiwango ni saa 48 kwa kila majuma mawili. Akizidisha, viza yaweza kufutwa na masomo yakaishia hapo. Mpwa wangu anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani. Si kazi ya aibu hata kidogo, na sisi tuliofundishwa radhi za wazee tunajua thawabu yake. Lakini ni kazi ya mgongo.

Tatu, na hili wengi wetu hatulijui, mwanafunzi wa ualimu huko hawezi kufuzu kwa kusoma vitabu tu. Ni lazima afanye mazoezi ya kufundisha shuleni: siku zisizopungua 60 kwa mwenye kusoma shahada ya pili, na siku 80 kwa mwenye kusoma shahada ya kwanza ya miaka minne. Saa hizo hazihesabiwi katika zile 48, lakini pia hazina mshahara. Ni kweli kwamba tangu Julai 2025 serikali ya huko imeanza kuwapa posho wanafunzi wa ualimu na uuguzi wanapokuwa katika mazoezi, ila posho hiyo ni ya wananchi wao. Mwenye viza ya mwanafunzi hayumo.

Sasa iangalie siku yake moja, ndugu msomaji. Anaamka kabla ya alfajiri, anasali, anatia chakula katika kopo. Anapanda basi, kisha treni, kisha basi jengine. Saa mbili asubuhi yuko shuleni. Mchana kutwa anasimama mbele ya watoto wa watu, na nyuma ya darasa ameketi mwalimu mkongwe akiandika kila kosa. Saa tisa watoto wanakwenda kwao, na yeye anabaki kusahihisha na kupanga masomo ya kesho. Magharibi inamkuta katika nyumba ya wazee. Anarudi chumbani saa nne au tano za usiku, na kwa kuwa Perth imetutangulia kwa saa tano, huku kwetu ndiyo kwanza alasiri inaelekea magharibi, watu wako barazani na simu zao. Anafungua simu yake. Anakuta nini?

Anakuta bati za nyumba ya babu. Anakuta mahari ya kaka. Anakuta karo ya watoto watatu, na mmoja ambaye hata hamkumbuki sura anamtaka pikipiki. Salamu ni mstari mmoja, haja ni mistari kumi. Hakuna aliyemuuliza, "Leo umefundisha nini?"

Wahenga walisema kitanda usichokilala hujui kunguni wake. Sisi tumekiona kitanda hicho kwa picha tu, tukakisifu kwa shuka lake.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kwamba ukoo ulichanga, shamba la minazi likauzwa, akina mama wakavunja vyama vyao vya kuchangishana, na kwa hiyo wachangaji wana haki yao. Jawabu hili lina uzito, wala silipuuzi. Harambee si sadaka ya kutupa, ni amana. Lakini na tuulizane amana hiyo iliwekwa kwa jambo gani. Siku ya kuchanga hakuna aliyesimama akasema, "Tunachanga ili tupate bati." Kila aliyesimama alisema, "Tunachanga ili mtoto wetu awe mwalimu." Basi haki ya wachangaji ni mwalimu. Anayedai bati kabla ya mwalimu amekwenda kuangua dafu bovu, akaacha nazi iliyokuwa ikikomaa.

Tena hatari yenyewe si ndogo. Kijana anayebanwa na madai ya nyumbani ana njia tatu. Anaweza kuzidisha saa za kazi kinyume cha sheria, na akikamatwa tumempoteza. Anaweza kuyaacha mazoezi ya kufundisha kwa kuwa hayamlipi, akahamia masomo mengine yaliyo mepesi kwa mfuko, na hapo tumempoteza mwalimu. Au anaweza kunyamaza tu, akabadilisha nambari ya simu, na hapo tumempoteza mtoto. Njia zote hizo tunazichonga sisi kwa vidole vyetu hapa barazani.

Wala tusidhani kwamba jambo la mtu kusoma huku akifundisha ni la Wazungu walioligundua jana. Sisi tuliosoma chuoni, tuliokalia mkeka na ubao mapajani, tunamkumbuka yule mwanafunzi mkubwa tuliyemwita khalifa. Mwenyewe alikuwa bado anasoma kwa maalim, na huku anawashika wadogo alifu na bei. Huyo ndiye mwanafunzi wa ualimu wetu wa asili. Na safari vile vile si mpya. Riyadha ya Lamu, iliyoasisiwa na Habib Swaleh zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ilipokea wanafunzi kutoka mwambao mzima. Waliotoka kwetu kwenda kusoma Lamu walikaa miaka, na waliporudi wakafungua vyuo vijijini. Mtu aliyekwenda Lamu kutafuta elimu hakuulizwa ametuma nini. Aliulizwa amefika kitabu gani.

Hilo swali ndilo ninalolitaka lirudi. Maana mpwa wangu, nilipomuuliza amefika wapi, alinieleza mambo ambayo kila mzazi wa Kwale angepaswa kuyasikia.

Aliniambia: "Mjomba, huku mtoto akimtazama mwalimu machoni ni adabu, na akiinamisha macho anaulizwa kama anaumwa." Kwetu ni kinyume. Mtoto wa Kidigo aliyelelewa vyema huyainamisha macho mbele ya mkubwa wake. Basi yeye, aliyelelewa hivyo, ilimpasa ajifunze kutazamwa na vijana thelathini bila kudhani kwamba wanamtukana. Na akajifunza la pili: kwamba mtoto akiuliza "kwa nini?" hakumvunjia mwalimu heshima, amemwonyesha kwamba anasikiliza. Sisemi tuyaige yote. Macho yetu yana adabu yake na tuibakishe. Lakini hilo la kuuliza kwa nini, naona shule zetu za Msambweni na Lunga Lunga zinalihitaji sana.

Akaniambia na jengine, na hili ndilo lililonikaa moyoni. Shuleni huko, mkutano mkubwa hauanzi mpaka mtu asimame awataje wenyeji wa asili wa ardhi ile. Hapo Perth ni Wawhadjuk, mojawapo ya matawi ya watu wa Noongar. Wazungu walipofika kuweka makazi mwaka 1788, bara lile lilikuwa na lugha za wenyeji zaidi ya 250. Nyingi zimekufa. Watoto wa wenyeji waliondolewa kwa nguvu mikononi mwa wazazi wao na kukatazwa lugha za mama zao. Leo, baada ya hasara hiyo, Kinoongar kinafundishwa katika baadhi ya shule, na watu wazima wanahangaika kuokota maneno ambayo bibi zao walichapwa kwa kuyasema.

"Mjomba," akaniambia, "niliposikia hayo nilikumbuka kibao." Msomaji wa Pwani anajua kibao ni kitu gani: kile kipande cha mti alichovalishwa mtoto shingoni shuleni kwa kosa la kusema Kidigo au Kiduruma. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya mahali pale alipo, na mtaala wa sasa nao umezipa lugha za asili nafasi katika madarasa hayo ya mwanzo. Karatasi tunazo. Tunachokosa ni mwalimu aliyeona kwa macho yake gharama ya kuipoteza lugha, akarudi kutuambia tungali na wakati. Huyo sasa tunaye, anapanda treni mjini Perth, na sisi tunamwomba pikipiki!

Yupo atakayesema: hatarudi. Inawezekana. Australia ina upungufu wa walimu, na kazi hiyo imo katika orodha ya kazi zinazoweza kumpatia mgeni ukaazi wa kudumu. Wao wanamwita kwa mshahara. Na sisi tunamwita kwa nini? Akirudi, shahada yake ya nje itatakiwa itambuliwe kwanza, kisha asajiliwe na Tume ya Walimu, kisha angoje nafasi kama wengine. Mtu hawezi kulazimishwa kurudi. Lakini anaweza kufanywa ajue kwamba kuna mahali anapongojewa kwa kazi aliyoisomea.

Mimi napendekeza mambo matatu, yote mepesi.

La kwanza, siku ya harambee wachangaji wakubaliane mbele ya mashahidi kwamba mwanafunzi hatadaiwa kitu mpaka amalize masomo. Atakachokituma kwa hiari yake ni hisani yake.

La pili, shule zetu zimtumie tangu sasa. Januari huko ni likizo kubwa ya kiangazi, na huku ndio mwanzo wa muhula wa kwanza. Anayepata nafasi ya kuja nyumbani mwezi huo asikalishwe arusini tu. Apelekwe shuleni akae na walimu wenzake, aone na aonyeshe. Na asiyeweza kuja, simu ipo. Saa tatu asubuhi ya Kwale ni saa nane mchana ya Perth. Mwalimu mkuu wa Kinango au Shimoni anaweza kumwomba azungumze na wanafunzi wake nusu saa.

La tatu, kaunti yetu ambayo imejulikana kwa kuwasomesha vijana kwa mpango wa Elimu ni Sasa iwe na daftari la vijana wake wanaosomea ualimu, walio hapa na walio ng'ambo, ili nafasi ikitokea wajulikane ni nani na wako wapi.

Na kabla ya hayo yote, liko lisilogharimu hata senti. Leo jioni, mwenye mtoto ng'ambo anayesomea ualimu amwandikie. Asitaje bati. Asitaje mahari. Amuulize wanafunzi wake ni wangapi, nani mtukutu, nani mwerevu, na leo amewafundisha nini. Kisha angoje jawabu, alisome mpaka mwisho.

Mwalimu ni mti wa mwembe, hauzai mwaka unaopandwa. Anayeutikisa kila jioni kutafuta embe atauvunja matawi, na wajukuu wake hawatapata hata kivuli.